Kununua Monero bila kampuni ya kati: ni nani anayelinda fedha yako?

Swali: Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba mjini Mbarara. Nataka kuweka akiba kidogo katika Monero, sarafu ya kidijitali inayosifika kwa usiri, ila sipendi picha ya kitambulisho changu ikae kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo. Nimeelezwa kuwa katika Haveno naweza kununua kwa mtu moja kwa moja na kumlipa kwa pesa za simu. Nitajuaje kwamba hatatoroka na pesa yangu, na je, siri yangu itakuwepo kweli?

Jibu: Ndugu msomaji, la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, lakini nianze na la kwanza.

Haveno ni programu ya watu kuuziana Monero moja kwa moja, iliyotokana na Bisq, programu kama hiyo ya Bitcoin. Unaiweka kwenye kompyuta yako, nayo huwasiliana na programu za watumiaji wengine kupitia Tor, mtandao unaoficha kompyuta yako iko wapi. Mkishapatana, Monero inayouzwa haibaki mkononi mwa muuzaji, bali hufungiwa katika pochi ya pamoja yenye funguo tatu, mmoja wako, mmoja wake na mmoja wa msuluhishi anayeamua mkigombana, na haitoki humo mpaka funguo mbili zikubaliane. Kila mmoja wenu huweka pia amana, ili atakayevunja ahadi awe na cha kupoteza. Muuzaji akikana kupokea malipo, msuluhishi atadai ushahidi, kwa hiyo usifute ujumbe wa simu unaothibitisha kwamba umetuma.

Udhaifu uko kwa msuluhishi huyohuyo. Waliotengeneza Haveno hawaendeshi soko lolote. Kila soko linaendeshwa na watu wengine, ambao ndio wanaoteua wasuluhishi, na msuluhishi akila njama na muuzaji tayari wana funguo mbili. Ndiyo maana nasisitiza uanze na kiasi ambacho hata kikipotea hutalala njaa.

Kuna jambo jingine linalowakwamisha wageni: amana ya mnunuzi nayo hutolewa kwa Monero, yaani kwa kawaida huwezi kununua kama huna chochote. Kama una mteja wa nje anayeitumia, mwombe akulipe sehemu ndogo ya kazi kwa Monero, nawe utakuwa na cha kuanzia.

Sasa siri. Monero hutumia anwani ya kupokelea ya mara moja kwa kila malipo. Tangu Januari 2017 huficha pia kiasi, na tangu Agosti 2022 kila fedha inayotumwa huchanganywa na nyingine 15 ili mtazamaji asijue ni ipi hasa iliyotumika. Yote hayo yamo ndani ya Monero peke yake. Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, muuzaji ataliona jina lako, na kampuni ya simu itabaki na kumbukumbu ya malipo. Zaidi ya hayo, mnamo Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda iliziagiza kampuni za malipo zenye leseni zisiwezeshe ubadilishaji wa sarafu za kidijitali na pesa za simu. Malipo yako yakizuiwa katikati ya biashara, muda wa kulipa unaweza kukupita na amana yako ikaingia hatarini. Kwa hiyo pata kwanza ushauri wa mwanasheria kuhusu agizo hilo, usiandike sababu ya uongo kwenye malipo, na kamwe usiazime laini ya mtu mwingine: muuzaji makini atakataa pesa iliyotoka kwa jina asilolijua, kwa kuwa huenda imeibwa, na hapo utakuwa wewe unayeulizwa maswali.

Monero ikikufikia, subiri mtandao wake uyathibitishe malipo mara kumi, takriban dakika 20, ndipo utaweza kuitumia. Kisha ihamishie kwenye pochi yako ya kudumu. Pochi rasmi ya Monero itakupa maneno 25 yanayoifungua akiba yako. Yaandike kwa kalamu kwenye karatasi, usiyapige picha, kwani atakayeyasoma ameichukua akiba yako yote, na hakuna msuluhishi wa kumshtakia.