Barua kwa mwanangu: kazi za ndani na mchumba wa mbali

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma jana usiku na asubuhi nikairudia, nimeona nikuandikie maana kwenye simu utaanza kulia na mimi nitashindwa kumaliza ninachotaka kusema. Umesema mwenzio akija Geita kutoka Dar anashinda anaangalia mpira, sahani anaiacha hapohapo alipokula, ukimgusia anasema tukioana tutaweka dada wa kazi. Unauliza kama unakuza kitu kidogo. Alafu umeniuliza mimi, hukumuuliza mama yako, nadhani unataka kusikia mwanaume anasemaje.

Sio kitu kidogo mwanangu. Ila kwenye hilo humjui bado, kwasababu kila akija kwako ni mgeni, na mgeni huku kwetu hata maji ya kunawa anamiminiwa, na wewe ukienda kwake ni mgeni vilevile, anakutoa kwenda kula na kutembea baharini. Siku zingine zote ni simu, na kwenye simu hamna anayefua wala anayechoka.

Mimi na mama yako unajua tulivyoishi. Alikuwa anawahi soko la Mwaloni hapa Mwanza alfajiri kupokea dagaa, kwahiyo uji wenu, yunifomu na kupandisha maji kwenye yale mawe ya Igogo ni mimi. Majirani walisema nimelishwa limbwata, niliwaacha waseme. Hatukuwa tunagawana nusu kwa nusu, kuna msimu yeye alifanya zaidi na kuna msimu mimi, lakini wote wawili tulikuwa tunajua mkaa umebaki kiasi gani na nani anakohoa. Mwanaume anayesubiri kutumwa hata akiosha vyombo bado amekuachia kazi ya kukumbuka kila kitu, na hiyo ndo inayomchosha mtu.

Kuhusu dada hapo sikubaliani nae kabisa. Dada ni mtoto wa watu, ana mshahara wake, anaumwa, anaenda kwao Krismasi na saa ingine harudi. Nani atamtafuta, atamwelekeza, atamlipa? Ni wewe. Na akikwambia za ndani sio kazi, mwambie mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed ilishasema kazi za mke nyumbani zinahesabika kama mchango kwenye mali ya familia. Sikwambii haya ili muanze kufikiria kuachana, ni ili ujue uzito wake.

Sasa fanya hivi. Ukipata likizo nenda Dar, fikia kwa shangazi yako Mbagala, mchana uwe unaenda kwake siku za kawaida kabisa, asikupeleke popote. Angalia chumba chake kikoje, gesi ikiisha anafanyaje, nguo anafua nani. Kama kuna mtu anamlipa kumfulia sio kosa, ila muulize tukioana hiyo hela itaendelea kutoka au nguo zinahamia kwangu bure? Muulize mtoto akiumwa usiku na wote asubuhi mna kazi nani anabaki, na kama ni wewe utakayeacha ajira Geita ukamfuata, yeye anaacha nini. Uliza ukiwa umetulia alafu nyamaza umsikilize, usimsaidie majibu. Akikasirika kwa kuulizwa tu, hilo nalo ni jibu.

Usisubiri ndoa itangazwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla, lakini siku hizo zote zinaisha kwenye vikao na sare, hamna atakayekaa kuongea habari za kufua.

Ukitoka Dar njoo nae hapa nyumbani, na kurudi Geita siku hizi daraja la Kigongo–Busisi lipo, hamna tena kusubiri kivuko. Nitanunua sato nimkabidhi yeye aparue, mama yako nitamwambia asiingie jikoni. Kwao walitaka kuleta mahari mwezi ujao, nimewajibu wasubiri kwanza mpaka nitakapoongea na wewe. Nauli ikipungua niambie.

Baba yako.