Ndege ya foamu isiyo na mkia: malizana na uzito kwanza

Vijana wengi wanaoniuliza habari za ndege za rimoti huanza na mota. Nichukue ipi, ina nguvu gani, itakimbia kiasi gani. Kwa ndege ya bawa tupu, ile isiyo na mkia wala kiwiliwili, mota naiweka nafasi ya tatu au ya nne. Cha kwanza ni kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo ndege nzima inakaa sawa ukiiinua. Ndege yenye mkia hukuvumilia ukikosea sentimita moja au mbili, kwa sababu mkia uko mbali nyuma na unairudisha kwenye mstari. Bawa tupu halina msaada huo. Uzito ukisogea nyuma kidogo tu linainua pua, linapinduka, na linafika chini kabla hujaamua usukume kijiti upande gani.

Hesabu yake si ngumu. Tuchukue bawa ninalowapa wanaoanza: mita 1 kutoka ncha hadi ncha, upana wa sm 30 katikati na sm 20 nchani, na ukingo wa mbele ukiwa umerudi nyuma sm 25 unapofika nchani. Upana wa wastani unaotumika kwenye hesabu hii ni sm 25.3 (si 25 kamili, kwa kuwa sehemu pana ya bawa inabeba zaidi), na unaupata sm 23.3 kutoka mstari wa katikati. Mahali hapo ukingo wa mbele umesharudi nyuma sm 11.7. Ongeza robo ya 25.3, yaani 6.3, unapata 18. Kwa hiyo bawa hili linabebwa na hewa kwenye mstari ulio sm 18 nyuma ya pua, na uzito lazima ukae mbele ya mstari huo. Toa asilimia 10 ya 25.3, unabaki na sm 15.5 hivi. Hapo ndipo pa kuanzia. Mkono ukizoea unaweza kurudisha hadi 16.5 na ndege itakuwa nyepesi kugeuka, lakini usianzie huko.

Chora alama mbili chini ya bawa, kulia na kushoto, kila moja sm 15.5 nyuma ya usawa wa pua. Linyanyue kwa ncha za vidole, betri ikiwa ndani. Likikaa sawa, au pua ikainama kidogo, vizuri. Likikalia nyuma, usirushe, hata kama rafiki zako wameshatoa simu za kurekodi.

Ndiyo maana shimo la betri nalikata mwisho kabisa. Mota iko nyuma na inavuta uzito nyuma, kwa hiyo betri, risiva (kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti) na kidhibiti cha kasi ya mota vyote huenda mbele. Bandika kila kitu kwa selotepu kwanza, sogeza betri mpaka bawa litulie vidoleni, ndipo utoe kisu. Ukikata mapema utaishia kubandika vipande vya risasi puani, na huo ni uzito wa bure.

Vifaa havihitaji makala nzima. Mota ya 2212 (namba ya ukubwa wake) yenye kv 1400, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti, pangaboi (propela) la 8x4, yaani kipenyo cha inchi 8 na hatua ya inchi 4, kidhibiti cha ampea 30, betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli 3 yenye ujazo wa mAh 2200, na sevo mbili, yaani mota ndogo za kusogeza vibao vya nyuma, za gramu 9. Jumla ikivuka gramu 700, tafuta ulipozidisha gundi. Foamu nyeupe inayokuja na maboksi ya friji inafaa kwa mazoezi. Ile nyeusi inayojikunja na kurudi ni bora zaidi kwa anayetarajia kuanguka, yaani kila mtu. Supa gluu ya kawaida huyeyusha foamu nyeupe, na rangi nyingi za kupulizia pia. Tumia epoksi, au gundi ya moto isiyochemka sana. Katikati pitisha fito ya kaboni, la sivyo mabawa yatapiga makofi hewani.

Elevoni, vile vibao viwili vya nyuma, kazi yao ni kupandisha, kushusha na kugeuza kwa pamoja. Kwenye rimoti washa mchanganyiko wa bawa la delta (mpangilio unaofanya kijiti kimoja kiendeshe vibao vyote viwili), kisha hakikisha kwa macho: ukivuta kijiti kuelekea kwako vyote viwili vinapanda, ukisukuma kulia, cha kulia kinapanda na cha kushoto kinashuka. Kijiti kikiwa katikati, viache vimeinuka milimita 2 au 3. Ukivinyoosha kabisa usawa na bawa, pua itakwenda chini moja kwa moja.

Pangaboi la nyuma lina mtego wake. Maandishi yake yaangalie mbele, kule ndege inakoelekea, hata kama limefungwa nyuma ya mota. Na kwa kuwa linazunguka karibu na mkono unaorusha, rusha kwanza, mkono upite, ndipo uwashe mota.

Upande wa chini upake rangi nyeusi na wa juu rangi kali. Bawa tupu likiwa mbali huwezi kutofautisha linakuja au linaondoka. Nenda asubuhi upepo ukiwa umelala, kwenye majani marefu, mbali na watu na viwanja vya ndege, na ujue kibali kinavyotakiwa na mamlaka ya usafiri wa anga: Tanzania ni TCAA, Kenya ni KCAA.

Kabla ya kuwasha mota, lirushe likiwa limezimwa, pua ikielekea kwenye upepo. Likichimba chini, inua elevoni milimita 1 zaidi. Likiinuka, likasimama na kuanguka, sogeza betri mbele. Likiteleza hadi kwenye majani bila kuhangaika, chora kwa kalamu mzingo wa betri ndani ya shimo lake. Na ukinunua betri ya pili ipime kwenye mzani kwanza, kwani za mAh 2200 za chapa tofauti hupishana uzito, na kwenye pua ya bawa dogo tofauti hiyo utaiona.