Re: Niuze magazeti ya Joe ya marehemu mjomba kwa jumla?

Salaam ndugu, na pole kwa msiba. Kwa hiyo kuna mtu anataka kubeba rundo lote la Joe, lile jarida la vichekesho la Kenya, kwa bei moja, nawe unafikiria kuziba kwanza kurasa zilizochanika kwa selotepu.

Selotepu usiiguse kabisa! Gundi yake hugeuka kahawia, huingia kwenye karatasi na haitoki tena. Mchaniko uache ulivyo.

Anza kwa kufungua kila toleo katikati. Pini zikishika kutu, karatasi ya kati huachia na kupotea, na toleo pungufu hushuka bei vibaya. Mimi huhesabu kurasa kabla hata ya kutazama jalada.

Kisha yapange kwa tarehe. Joe lilianzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno pamoja na mchoraji Terry Hirst. Ya miaka ya mwanzo yatenge, usikubali yaondoke na rundo.

Kama yananuka uvundo, yaweke kivulini penye hewa, si juani, maana jua hufifisha rangi za jalada.

Bei siwezi kukutajia bila kuona. Weka hapa picha za majalada, migongo na zile pini.