Kinyonga wangu hali chakula, macho yamezama
Pole sana, dada. Kinyonga wa pembe tatu aliyekaa siku nne bila kula, macho yamezama, kwanza ana kiu. Hilo bakuli la maji uliloweka wala halitambui. Yeye hulamba matone kwenye majani. Nyunyiza majani asubuhi na jioni, taratibu, mpaka uone ulimi unagusa tone. Angalia kinyesi: ile sehemu nyeupe ikigeuka rangi ya chungwa, maji yamempungukia mno.

Mtoe leo kwenye hilo sanduku la kioo unalomfugia. Huyu ni wa milima yenye ubaridi, kama Mlima Kenya. Mpe kizimba cha wavu, matawi, jua la asubuhi na kivuli. Usimlishe kwa nguvu. Akifumba macho mchana, mkimbize kwa daktari wa mifugo.