Danadana bado ninazo, penalti zinanikataa

SWALI: Habari mhariri, niliacha mpira miaka saba, juzi nimerudi uwanjani pumzi hakuna kabisa lakini danadana napiga vilevile. Ila penalti nikiifikiria sana napaisha. Shida nini?

JIBU: Ndugu yangu, miguu haikumbuki kitu, kazi yote iko kichwani. Kumbukumbu za matukio na kumbukumbu za ufundi wa mwili zinakaa sehemu tofauti, na hili lilionekana wazi kwa Mmarekani Henry Molaison, aliyefanyiwa opareshoni ya ubongo 1953 akabaki hawezi kushika jambo jipya, lakini mtafiti wa ubongo Brenda Milner alipompa zoezi la kuchora nyota akitazama kwenye kioo, kila siku mkono ulizidi kunyooka na yeye anaapa hajawahi kuliona zoezi lile! Mi kila nikilifikiria hilo nashangaa upya.

Danadana zako zinategemea sana serebelamu, ule ubongo mdogo wa kisogoni, unaokisia mpira utashukia wapi na kurekebisha kifundo cha mguu kabla hujajua, pamoja na sehemu za ndani kabisa zinazounganisha hatua ziwe kitu kimoja. Pumzi ni moyo na misuli, hiyo inaisha haraka ukiacha mazoezi.

Sasa penalti, ukianza kuuchunguza mguu wako mwenyewe unaukatakata ule mwendo uliokwisha ungana. Chagua kona mapema, vuta pumzi, macho kwenye mpira, piga.