Barua kwa mwanangu: Je, granji ndiyo iliyoizaa roki mbadala?

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Unasema mwenzako katika bendi anashikilia kwamba roki mbadala, ile roki iliyokuwa nje ya mkondo wa redio kubwa, ilianzishwa na Nirvana, bendi ya granji, yaani roki nzito ya Seattle na miji jirani, wewe unabisha, na mmekubaliana swali liletwe kwangu kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi Seattle miaka ile. Nakujibu kwa furaha, maana muziki huo niliupenda na ningali naupenda.

Mwenzako amempa mtoto cheo cha mzazi. Bendi ya R.E.M. ilianza mwaka 1980 huko Athens, Georgia, Sonic Youth wakafuata New York mwaka 1981, na Pixies wakaundwa Boston mwaka 1986, na kwa muda mrefu waliowapigia nyimbo zao zaidi walikuwa watangazaji wa redio za vyuo vikuu. Granji ilikulia katika ukoo huohuo, lakini mbali, kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Marekani, ambako vijana wa Seattle na wa miji ya wakata magogo kama Aberdeen walichanganya ghadhabu ya panki na uzito wa hevi metali bila kujali kwamba mashabiki wa pande hizo mbili hawakuwa wakipatana. Fedha hazikuwapo. Albamu ya kwanza ya Nirvana, iliyotolewa na kampuni ndogo ya Sub Pop mwaka 1989, ilirekodiwa kwa dola 600 na ushei tu.

Sasa nije kwenye lile ulilolisikia kwa masikio yako mwenyewe, kwamba bendi nyingi huimba ubeti kwa upole, gitaa likidonoa noti chache huku besi ikibeba wimbo, kisha kiitikio kikalipuka. Nguvu ya mlipuko ule haitokani na ukubwa wa sauti peke yake, bali na sikio kuwa limekwisha kuzoea utulivu, na ndiyo maana wimbo unaopiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho huchosha upesi. Mbinu hiyo Nirvana hawakuibuni. Kurt Cobain mwenyewe, mwimbaji wa Nirvana, alikiri mwaka 1994 kwamba alikuwa akijaribu kuwaiga Pixies, na hata alipotaka mtu wa kurekodi albamu ya mwaka 1993, alimwendea mrekodi Steve Albini, aliyewahi kuwarekodi Pixies hao.

Hata hivyo, usimbeze mwenzako, kwa sababu kuna jambo ambalo granji peke yake ndiyo iliyolifanya. Nevermind, albamu ya pili ya Nirvana, ilipotoka tarehe 24 Septemba 1991, kampuni ya rekodi ilianza na nakala kama 46,000 tu kwa soko la Marekani. Kufikia Januari 1992 ilikuwa imeishusha albamu ya Michael Jackson kutoka nafasi ya kwanza katika Billboard, chati ya mauzo ya albamu ya Marekani. Kuanzia hapo kampuni kubwa zilizokuwa zikiwapuuza wanamuziki wa aina hiyo zikawa zinawafuata hadi mlangoni, na neno «mbadala» likabaki na maana ya kutatanisha, kwani muziki uliokuwa pembeni ulikuwa sasa ndio ulioshika katikati.

Waigaji wakaja wengi. Wakachukua uzi mnene wa gitaa uliolegezwa kutoka noti ya E hadi D, kama walivyofanya bendi ya Soundgarden ya Seattle, wakachukua na sauti ya kukwaruza, lakini mara nyingi nilisikia mlio bila uchungu uliouzaa. Siwaweki wote kapu moja: vijana wa bendi ya Silverchair wa Newcastle, Australia, walikuwa na umri wa miaka 15 hivi walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1995, nami naamini waliyoyaimba yalitoka moyoni. Mwaka huohuo Dave Grohl, mpiga dramu wa Nirvana, alitoa albamu ya kwanza ya Foo Fighters, bendi yake mpya, ambayo karibu ala zote alizipiga mwenyewe studioni miezi michache tu baada ya kumpoteza rafiki yake Cobain, aliyefariki Aprili 1994. Hiyo bado inanigusa.

Mkikutana kwa mazoezi, mwekee mwenzako Surfer Rosa ya Pixies ya mwaka 1988 kwanza, kisha Nevermind, na mwombe asikilize besi tu katika beti. Halafu uniandikie alivyosema.

Ni mimi,
Mama yako