Solitaire, Namibia: usipite bila kushuka

Ndugu aliyeuliza kama inafaa kusimama Solitaire akitoka mji wa pwani wa Walvis Bay kwenda Sossusvlei, penye vilima virefu vya mchanga, au apite tu ili awahi, jibu langu ni kwamba asimame, tena kwa muda mrefu kuliko ule wa kupiga picha na kuondoka. Nimepita njia hiyo nikiendesha mwenyewe, na ningependa mahali hapa paeleweke vizuri zaidi ya picha zinazosambaa.

Solitaire si mji. Ni kituo cha mafuta, duka, sehemu ya kuoka mikate, fundi wa kuziba pancha na nyumba za wageni, vyote vikiwa pamoja karibu na makutano ya barabara za C14 na C19, na pande zote ni jangwa tupu la Namib. Palianza mwaka 1948 kama shamba la mifugo, na ukifika utaona mara moja kwa nini msafiri yeyote alihitaji mahali pa namna hii. Kutoka Walvis Bay ni zaidi ya kilomita 200, sehemu kubwa ikiwa ni barabara ya changarawe inayoshuka na kupanda katika makorongo ya Kuiseb na Gaub, na njia nzima hakuna kituo kingine cha mafuta. Kwa hiyo jaza tangi hapo hata kama mshale bado uko nusu, kagua tairi zote pamoja na la akiba, na kama kuna lililotoboka lizibwe kabla ya kuendelea.

Kinachowavutia wengi ni magari ya zamani yaliyoachwa mchangani, mengine yakiwa na mimea ya miiba iliyoota pembeni yake. Watu huyaona kama mapambo, lakini mimi nayaona kama somo la hali ya hewa ya jangwa hili. Pwani, mkondo baridi wa bahari uitwao Benguela huleta ukungu wenye chumvi, na chuma hakidumu. Solitaire iko mbali na bahari, hewa yake ni kavu, na kutu bila unyevu hutambaa polepole sana, ndiyo maana mabodi ya magari hayo yamebaki na umbo lake kwa miongo mingi. Ukitaka ushahidi wa ukavu huo, tafuta ubao ambako mvua ya kila mwaka huandikwa kwa milimita. Usome mwaka hadi mwaka, uone jinsi tarakimu zinavyopanda na kuanguka, kisha ufikirie mfugaji ambaye maisha yake yalitegemea tarakimu hizo. Kwangu mimi, ubao huo una thamani kuliko kila kitu kingine pale.

Pai ya tufaha inayookwa hapo ni maarufu, ni nzuri, na sifa zake ni za haki. Aliyeipa umaarufu ni mwokaji Percy McGregor, aliyejulikana zaidi kwa jina la Moose, ambaye alifariki mwaka 2014, na uokaji haukukoma baada yake. Kula ukiwa umekaa kivulini, ila usiwarushie makombo kuchakuro wanaozunguka miguuni, kwa sababu mnyama wa jangwani anayezoeshwa chakula cha watu hudhurika. Ukiwa na randi badala ya dola ya Namibia usihangaike kubadilisha, kwani thamani ni sawa na randi hupokelewa nchini kote.

Jambo la kuzingatia zaidi ni saa ya kuondoka. Sesriem, lilipo lango la kuingilia Sossusvlei, iko kilomita 80 na kitu kutoka hapo, na lango hufungwa jua linapozama. Changarawe ina mawimbi yanayotikisa gari na kulifanya lielee kwenye kona, hivyo mwendo wa kilomita 80 kwa saa unatosha kabisa, na giza likiingia choroa na tandala huvuka barabara bila kuonekana. Ondoka mapema alasiri, ukiwa na maji ya kutosha kwa kila aliyemo garini. Na kwa wanaotokea mji mkuu, Windhoek, njia ya mkato ya mlimani iitwayo Spreetshoogte ina mandhari ya kupendeza mno, lakini mteremko wake ni mkali na magari yenye trela hayaruhusiwi, kwa hiyo mwenye trela azungukie njia nyingine.